EJ turbo kwenye Impreza WRX na STI: kagua haya kabla hujaongeza busti (presha ya hewa ya turbo)

#1 BoksaNne (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Swali la "nianze kuweka nini kwenye WRX" linarudi kila wiki na majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti, basi tuyakusanye hapa. Nazungumzia injini za Subaru za EJ (boksa, yaani silinda zimelala pande mbili) zenye turbo: EJ205, EJ207, EJ255 na EJ257. FA20, injini ya WRX mpya zaidi, inatumia mnyororo badala ya taimingi belti na ina maradhi yake, tuiache.

Msimamo wangu ni huu: EJ nyingi zinazokufa haziuawi na nguvu. Zinauawa na oili kupungua, kunoki (mchanganyiko wa hewa na mafuta kulipuka vibaya wenyewe ndani ya silinda) na joto. Ukitazama vitu ambavyo watu hununua kwanza, hakuna kinachogusa hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Oili kwanza. Injini hizi zinabeba lita 4 hadi 4.5 tu kulingana na mwaka, na kutoka alama ya juu ya kijiti hadi ya chini ni takriban lita moja. Ukifika alama ya chini umeshapoteza karibu robo ya oili yote. Kwenye kona kali oili inakimbilia pembeni mwa sampo (karai la oili chini ya injini) na kupanda kwenye hedi, bomba la kufyonzea linavuta hewa, na beringi za konrodi zinakauka kwa sekunde moja au mbili. Zinatosha. Kwa hiyo kila ukijaza tenki, vuta kijiti. Pima asubuhi injini ikiwa baridi na gari likiwa sehemu tambarare, maana boksa inachelewa kurudisha oili chini. Kijiti kikionyesha usawa tofauti pande mbili, fuata ule wa chini.

Badilisha kila kilomita 5,000. Tumia 5W-30 au 5W-40 sintetiki, na filta ambayo vali yake ya dharura hufunguka kwenye takriban bar 1.6 kama ya kiwandani. Filta nyingi zinazoingia kwenye nyuzi zilezile hufunguka mapema zaidi, na pampu ya Subaru inasukuma oili nyingi, kwa hiyo oili inapita bila kuchujwa hasa injini ikiwa baridi. Nati ya kumwagia ni 44 Nm kwenye sampo za zamani, na washa mpya kila mara. Halafu ikate filta ya zamani, kunjua karatasi yake juani. Vumbi la kijivu kidogo ni kawaida. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba ni beringi, na hapo usiwashe tena injini hadi sampo ishuke.

Kuna vitu viwili vya mfumo wa oili ambavyo fundi wa kawaida havijui. Cha kwanza ni kichujio kidogo cha waya ndani ya boliti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo, nyuma ya hedi ya kulia, kwenye EJ255 na EJ257 nyingi. Oili ikichelewa kubadilishwa kinaziba na tope, turbo inakosa oili, shafti inaanza kucheza. Watu wanabadilisha turbo, kichujio wanakiacha, na turbo mpya inafuata njia ileile. Kifungue, kisafishe au weka kipya pamoja na washa zake za shaba. Cha pili ni bomba la kufyonzea oili ndani ya sampo. La kiwandani huwa na tabia ya kupasuka kwenye maungio yake, ufa mwembamba kama unywele. Geji ya presha haitakuonya mapema, itayumba tu siku ya mwisho. Sampo ikishuka kwa sababu yoyote ile, weka bomba lililoimarishwa na oringi mpya.

Kabla ya kununua chochote cha nguvu, fanya kipimo cha uvujaji wa silinda. Kompresheni peke yake inadanganya, kwa sababu kingo za pistoni zinazoshika ringi zinaweza kuwa zimeshapasuka na bado namba ikatoka nzuri. Silinda ikiwa TDC (pistoni juu kabisa, valvu zimefunga), ingiza hewa na usome asilimia inayopotea. Zote zikiwa chini ya 10, safi. Tatu zikiwa 8 na moja 25, sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi au pistoni, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye ekzosti ni valvu ya kutolea, na mapovu kwenye tangi la maji ni gasketi ya hedi. Ikumbukwe namba za silinda: kulia mbele 1, kushoto mbele 2, kulia nyuma 3, kushoto nyuma 4. Kwenye 2.5 ile namba 4 ndiyo inayoongoza kwa kupasua pistoni.

Karibuni mwenye nyongeza.

#2 Kijana_GDB

Asante mkuu, uzi wa maana. Mimi nina STI ya GDB (kodi ya bodi) yenye EJ207, imekuja kutoka Japani. Nilipanga filta ya wazi, vali ile ya "pssshh" na daunipaipu (bomba la ekzosti linaloanzia kwenye turbo), hivyo tu. Kompyuta nisiiguse kwanza. Kuna shida?

#3 DadaSpana

Kaka hapo umetaja vitu vitatu na vyote vitatu vinaidanganya kompyuta, kila kimoja kwa njia yake.

Sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) imekaa kwenye bomba la hewa baada ya filta. Kompyuta haijui hewa halisi ni kiasi gani. Inajua volti za sensa, na inajua kwamba kwenye bomba la kipenyo kile volti kadhaa ni gramu kadhaa kwa sekunde. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa ileile inapita taratibu mbele ya sensa, volti zinashuka, kompyuta inapiga mafuta machache kuliko yanayohitajika. Mchanganyiko unakuwa mkavu chini ya busti, na mkavu chini ya busti maana yake kunoki. Boksi la hewa la kiwandani si kizuizi cha kukusumbua ukiwa na turbo ya kiwandani. Weka karatasi mpya ya filta, funga. Na zile filta za kupaka oili, ukizidisha oili inarukia kwenye waya wa MAF na usomaji unaharibika hivyohivyo.

Vali ya pssshh ni hivi. Ukiachia akselereta, hewa iliyobanwa inahitaji pa kwenda. Ya kiwandani inairudisha kabla ya turbo. Hewa hiyo ilishapimwa na MAF na mafuta yake yameshapangwa. Ukiitupa nje, mafuta yanabaki bila hewa yake, kila ukibadilisha gia kunakuwa na tope la mafuta kwa muda mfupi: moshi mweusi, mipasuko kwenye ekzosti, gari kuzima likifika kwenye taa. Hakuna farasi hata mmoja unaoongezeka.

Daunipaipu ndiyo kitu cha kweli kati ya hivyo vitatu, ila ndiyo hatari zaidi bila kompyuta. Upinzani nyuma ya turbo ukipungua, busti inapanda haraka na juu kuliko ramani ya kiwandani (mpangilio wa mafuta na cheche ndani ya kompyuta) inavyotegemea, na wesgeti (mlango unaopunguza kasi ya turbo) ndogo inaweza kushindwa kuizuia kwenye mizunguko ya juu. Daunipaipu na ramani vinakwenda siku moja.

Halafu la Japani. Gari la soko la ndani kule limepangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo ni okteni (uwezo wa kuhimili kunoki) karibu 98 hadi 100. Ukiwa unajaza 95, hata bila kugusa kitu unaiendesha kwenye ramani isiyo yake. Kompyuta itarudisha taimingi (muda wa kupiga cheche) nyuma kujiokoa, lakini inafanya hivyo BAADA ya kusikia noki. Matumizi ya kwanza ya pesa yako yawe ramani ya okteni unayoipata kweli, gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani.

#4 Mzee wa Raliʼ

Dada, nakubali yote isipokuwa hilo la pssshh. Magari ya rali mbona yanapiga kelele hizo na hayazimi?

#5 DadaSpana

Shikamoo mzee. Yale kompyuta yake inakadiria hewa kwa presha iliyomo kwenye manifoldi na joto lake, haina MAF ya kudanganywa. Unaweza kuigeuza ya barabarani iwe hivyo pia kwa ramani, ila ni kazi ndefu kwa ajili ya sauti.

#6 Logi_Tupu

Naongezea kuhusu kunoki, kwa sababu wengi wanasubiri waisikie kwa masikio. Ukiisikia ukiwa ndani ya gari umechelewa.

Kompyuta za Subaru ni wazi sana kwa hili. Ukiwa na waya wa Tactrix na RomRaider kwenye laptopu, au Accessport ya Cobb, unasoma vitu vitatu.

IAM (wengine wanaiita DAM) ni imani ya kompyuta kwa petroli yako. Kwenye kompyuta za zamani za biti 16 ikiwa kamili inasoma 16, kwenye za biti 32 inasoma 1. Ikishuka chini ya hapo na kubaki hapo, kompyuta imeondoa sehemu ya taimingi kila mahali. Simamisha mipango yote mpaka ujue sababu.

Noki ya papo kwa papo (FBKC) inaonyesha digrii zinazoondolewa sasa hivi. -1.4 ya mara moja ukiwa unabadilisha gia au unagusa akselereta kidogo mara nyingi ni kelele tu. -2.8 au zaidi ukiwa kwenye busti kamili, na inajirudia kwenye mizunguko ileile kila mara, hiyo ni noki ya kweli.

Noki iliyojifunzwa (FLKC) ni kumbukumbu ya kompyuta kwa kila eneo la mzigo na mizunguko. Ukinunua gari, isome kabla mwenye gari hajachomoa betri. Ikiwa yote ni sifuri safi, uliza betri ilichomolewa lini.

Logi ya kueleweka inafanyika hivi: sehemu iliyofungwa au uwanja wa mbio, injini imepata moto, gia ya 3 au 4, kutoka 2,500 kanyaga mpaka chini hadi karibu na mstari mwekundu, mara moja, kisha tulia. Rekodi mizunguko, mzigo, gramu za MAF, busti, taimingi, FBKC, FLKC, IAM, joto la hewa inayoingia na asilimia ya kufunguka kwa sindano za mafuta. Sindano zikipita asilimia 90 umeishiwa mafuta, usiongeze kitu.

Kwa mchanganyiko, usitegemee sensa ya mbele ya kiwandani, haioni chini ya 11.1 (sehemu za hewa kwa moja ya mafuta). Weka geji ya waidibandi (inayosoma mchanganyiko kwa upana zaidi) yenye sensa yake kwenye daunipaipu. Kwa petroli ya kawaida chini ya busti kamili, 11.0 hadi 11.5 ndiyo eneo la usalama kwenye EJ.

Na tabia moja ya kuiacha leo: kukanyaga mpaka chini ukiwa gia ya 5 au 6 kwenye mizunguko 2,000. Busti inajaa, pistoni inakwenda taratibu, presha inakaa muda mrefu juu yake. Ndiko kingo za ringi zinakopasukia, wala si 6,500 kwenye gia ya 2. Shusha gia.

#7 Kijana_GDB

Nimekuelewa mkuu. Nafuta pssshh kwenye orodha 😅. Taimingi belti je? Sina rekodi yoyote ya gari.

#8 FundiJiliwa

Huna rekodi? Basi belti imekwisha. Wala usifungue kava kuitazama kwamba bado inang'aa. Kwa magari ya Japani kipindi ni kilomita 100,000, na injini hii belti ikikatika valvu na pistoni zinakutana.

Kit kamili ni belti, tenshena ya hydroliki, aidla (roli zinazoongoza belti) zote pamoja na ile yenye meno, pampu ya maji na gasketi yake, thamostati, sili ya krenki na sili za kemshafti. Aidla kavu au pampu ya maji iliyokwama inakata belti mpya vilevile, kwa hiyo kununua belti peke yake ni kujidanganya. Thamostati iwe ya kiwandani, ile pana inayofunguka kati ya nyuzi joto 76 na 80. Zile ndogo za bei poa zinaingia lakini hazipitishi maji ya kutosha.

Wapi watu wanaharibu:

Alama ya krenki. Kwenye gia ya krenki kuna mshale unaoonekana vizuri kabisa, na siyo wenyewe. Mshale ni TDC ya silinda namba 1. Alama ya belti ni mstari mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa gia, ambao unatakiwa uwe saa 12. Ukiwa hapo pistoni zote ziko katikati ya silinda, ndiyo maana ni salama. Kwenye kemshafti, mistari miwili miwili ya gia ya juu na ya chini inatazamana, na mstari mmoja wa juu unatazama alama ya kava ya nyuma.

Kemshafti za kushoto. Kwenye nafasi hiyo springi za valvu zinazisukuma, belti ikitoka zinaweza kuruka zenyewe, na valvu ya kuingizia na ya kutolea za upande huo zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Zishike na kifaa chake. Zikiruka, zizungushe polepole kuelekea upande wa karibu, moja baada ya nyingine, ukihisi mgomo acha.

Tenshena. Inabanwa ikiwa imesimama wima kwenye jiliwa, taratibu, zaidi ya dakika tatu kuifikisha mwisho, kisha pini ya milimita 2 inaingia kwenye tundu. Ukiibana haraka unapasua sili ya ndani, na huwezi kuona. Itavuja presha baadaye na belti italegea. Usichomoe pini hadi belti na aidla zote ziwe mahali pake. Boliti za tenshena na aidla ni 39 Nm.

Kwa gari la gia za mkono kuna kipande cha chuma kinachoilinda belti isiruke meno karibu na gia ya krenki. Nafasi kati yake na belti ni milimita 1, kosa lisizidi nusu. Mafundi wengi wanakitupa wakidhani ni cha kava. Gari likirudi nyuma likiwa kwenye gia, huyo ndiye mlinzi wako.

Ukimaliza zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kufuata saa, alama zote zirudi mahali pake. Mistari iliyochorwa kwenye belti yenyewe haitarudi pale, usitishike.

Na ukiwa hapo hapo belti iko nje, shusha pampu ya oili. Skrubu za bamba la nyuma hulegea zenyewe. Zifunge na gundi ya nyuzi, rudisha pampu na oringi mpya.

#9 Mpenda_Bluu

Mafundi, kwa joto letu na kuendesha kwa nguvu, si bora nitumie 10W-60? Nimesikia inaziba beringi vizuri.

#10 BoksaNne

Hapana mkuu. Nafasi za beringi za kiwandani zimepangwa kwa oili nyepesi. Oili nzito inakupa namba kubwa kwenye geji ya presha kwa sababu inashindwa kupita, na kinachopoza beringi ni ile inayopita. Asubuhi ya baridi ndiyo mbaya zaidi. Uwanja wa mbio nenda 5W-40, weka kipoza oili ukiona joto lake linapita nyuzi joto 120, na jaza hadi alama ya juu kabisa. 10W-60 ni ya injini iliyojengwa upya na kuachiwa nafasi kubwa makusudi.

#11 DadaSpana

Tofauti kidogo na BoksaNne: kwa injini iliyotembea sana nisingekataa 10W-40 nzuri. Lakini hilo la 60 tuko pamoja.

Mwenye kuendesha uwanja wa mbio afikirie pia kitenganishi cha mvuke wa oili. Hewa ya krenkikesi ya boksa inatoka na oili nyingi, inaingia njia ya hewa, na oili ndani ya silinda inashusha okteni. Ukivua hozi ya intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) ukakuta kidimbwi, ndicho hicho. Vile vikopo vidogo visivyo na kitu ndani ni mapambo.

#12 Mpenda_Bluu

Asante. Na plagi?

#13 FundiJiliwa

Iridiamu, nafasi milimita 0.7 hadi 0.8. Ukiongeza busti na cheche ikawa inazimika juu, shuka hadi 0.65. Injini baridi, usipake grisi nyuzi, 21 Nm. Hedi ni ya aluminiamu, ukikaza kwa hasira utanunua nyuzi mpya.

#14 GiaSita

Mbona hakuna anayegusa gia boksi na matairi? Hii ni AWD (magurudumu yote manne yanavuta) wakuu.

Gia boksi na difu ya mbele zinakunywa oili moja, kesi ni moja. Difu ya mbele ina meno ya hypoidi (yanayosuguana kwa nguvu yakizunguka), ndiyo maana Subaru inataka GL-5 75W-90. Mtu anaambiwa aweke GL-4 kwa sababu gia zinaingia laini. Ni kweli zinaingia laini, na difu inasagika. Gia tano ni takriban lita 3.5, gia sita lita 4.1. Difu ya nyuma ni lita 0.8 kwa aina ya R160 na lita 1 kwa R180. Sheria moja ya kila difu: fungua nati ya KUJAZIA kwanza. Ikigoma, bado una oili ndani ya gari.

Gia tano haipendi kuondoka kwa kuachia klachi ghafla kwenye mizunguko mikubwa. Matairi manne yanashika, hakuna kinachoteleza, meno ndiyo yanayolipa.

Matairi yawe manne ya aina moja, na mizingo yake isipishane zaidi ya milimita 6. Ukipiga hesabu ni karibu milimita 1 tu ya kina cha meno. Tairi moja ikipasuka na tatu zimeisha nusu, kununua moja mpya ni kuchoma difu ya kati. Inazunguka kutwa ikidhani uko kwenye kona. Dalili yake ni gari kujivutavuta ukikata usukani mpaka mwisho kwenye maegesho.

Rimu: WRX hadi 2014 na STI hadi 2004 ni 5x100. STI kuanzia 2005 ni 5x114.3. Tundu la kati ni 56.1, kama rimu ina tundu kubwa zaidi weka ringi za kati. Nati ni M12x1.25, na nati za 1.5 zinaingia mizunguko miwili kisha zinakula stadi. Kaza kwa toki renchi, acha ile mashine ya hewa.

#15 Kijana_GDB

Kushusha gari je? Nataka sentimita 5.

#16 GiaSita

Sentimita 5 ni nyingi kwa GDB. Mbele ni makfason, mkono wa chini ukishapita usawa na kuanza kutazama juu kwenda gurudumu, kitovu cha kuyumba kinazama na gari linalala zaidi kwenye kona japo springi ni ngumu. Tai rodi nazo zinaanza kuvuta magurudumu kila ukipita bonde. Milimita 20 hadi 25 inatosha. Ukitaka zaidi, nunua boli joint na tai rodi endi ndefu za kurekebisha pembe.

Mbele kwenye shoko kuna boliti ya juu yenye egemeo la kurekebisha kemba (mlalo wa gurudumu, kwa digrii). Iwekee alama ya rangi kabla hujaifungua. Kemba -1.5 hadi -2 mbele, nyuma -1.5, magurudumu yatazame mbele sawasawa, hapo gari linakata kona bila kula matairi sana.

Kosa la kawaida kabisa: kukaza boliti za bushi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Bushi ya mpira imegandishwa kwa chuma pande zote mbili, haizunguki, inajikunja. Ukiikaza ikiwa imening'inia, gari likishuka inakaa imejikunja muda wote na inachanika baada ya miezi michache. Ziingize kwa mkono, shusha gari juu ya magurudumu yake, tikisa, ndipo ukaze.

Ukitaka badiliko kubwa kwa kazi ndogo, anza na fimbo nene ya kuzuia kuyumba ya nyuma, milimita 22, na linki zake. Gari linaacha kusukuma pua nje ya kona.

#17 Mzee wa Raliʼ

Na breki vijana, kabla ya hizo busti. Oili ya breki ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka si chini ya nyuzi joto 230, ikishanyonya unyevu inashuka hadi 155. Kwenye mteremko na Brembo za moto, 155 unaifikia, na kanyagio linashuka hadi chini. Badilisha kila miaka miwili, anayekwenda uwanja wa mbio kila mwaka. 5.1 inachanganyika na 4, DOT 5 ni ya silikoni, usiisogeze karibu. Kaliper za Brembo zina nipeli mbili za kutolea hewa, ya ndani na ya nje, toa zote.

Pedi mpya zitulize: mara nane hadi kumi kutoka 100 hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha endesha bila kukanyaga breki mpaka zipoe. Ukisimama na pedi za moto zimebana diski, unaacha alama, na usukani utatetemeka. Watu wanasema diski imepinda, wakati mara nyingi ni tabaka la pedi lililoganda sehemu moja.

#18 Rejeta_2

Samahani naingilia na tatizo. WRX, EJ205, nimebadilisha hozi zote ndogo za vakyum kwa silikoni nzuri za bluu. Tangu siku hiyo busti inaishia bar 0.55, hakuna taa ya injini. Nimekagua uvujaji wa intakula kwa maji ya sabuni, hakuna kitu. Maji pia nilibadilisha, kwenye rejeta na kile kitangi cha juu, sijui kama inahusu.

#19 Logi_Tupu

Maji hayahusu busti, ila hakikisha hukubadilishana vifuniko. Cha kitangi cha juu na cha rejeta havifanani kazi, ukivigeuza mfumo hausukumi maji kwenye chupa ipasavyo na hewa inabaki ndani. Jaza kupitia kitangi, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, pua ya gari juu kidogo, minya hozi mpaka mapovu yaishe.

Busti: bar 0.55 ni springi ya wesgeti peke yake, yaani solenoidi (vali ya umeme ambayo kompyuta hudhibitia busti) haina mchango wowote. Kwenye hozi ya kiwandani inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye solenoidi na wesgeti kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba, kimefichwa ndani ya mpira. Kinabana hewa inayotoka turbo, ili solenoidi ikifunguka iweze kumwaga presha kabla haijaisukuma wesgeti. Bila hicho kipande hewa inaingia kwa wingi kuliko solenoidi inavyoweza kumwaga, wesgeti inafunguka mapema, basi.

Kama hozi za zamani hujazitupa, ziminye kwa vidole moja moja, utakihisi kigumu katikati. Kitoe, kiingize kwenye hozi mpya kati ya turbo na ile tii, siyo upande wa wesgeti wala upande wa solenoidi, na funga klipu juu yake kisisafiri. Usinunue chenye tundu dogo zaidi kwa tamaa, tundu likipungua busti inapanda na ramani yako haijui. Ukishakiweka, piga logi moja ya gia ya 3 uitundike hapa na FBKC yake.